Nani Kamfundisha Mtoto?

Jumatano, 2 Oktoba 2013

Hamad, mdogo wake Madam tunayemfanyia kazi, amerudi kutoka chuo Uingereza. Kazi yake sasa ni kunywa karaki, chai yao ya maziwa, jikoni kwetu na kumfundisha Saud, mwana wa Madam, maneno ya Kiingereza. Leo ni "chum" na "bum". Mtoto wa miaka mitano! Anazunguka meza akiimba — chum, bum, chum, bum — na mjomba anacheka mpaka anakohoa. Mimi na Scovia, mfanyakazi mwenzangu, tunakata vitunguu tu. Nikamuuliza Hamad maana yake. Chum ni rafiki, akasema. Bum hakuieleza, akaondoka na kikombe chake.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kanisani Mesaimeer; huku kwa Waarabu tunasali Ijumaa. Neno likinikwama situlii, kwa hiyo baada ya ibada nikauliza. Philipo, dereva wetu, anasema bum ni mtu ovyo, ombaomba wa Marekani anayelala barabarani. Cheryl, nesi, akacheka sana. Kwa manesi Waingereza bum ni makalio, pale wanapodunga sindano! Na chum? Neno la wazee, anasema Cheryl. Philipo akapinga: aliwahi kumpeleka Mzungu kuvua, na huko chum ni matumbo na damu ya samaki, humwagwa majini kuwaita samaki wakubwa. Rafiki, tena matumbo ya samaki! Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani kwa Madam, Umm Salal.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sicheki tena.

Mama Kabira, mamake Madam, alikuwa na wageni sebuleni. Akina mama wazima, wenye heshima zao. Saud akaingia mbio, akamnyooshea nyanya yake kidole: "Big bum!" Mgeni mmoja anajua Kiingereza, akatafsiri. Mama Kabira akajifunika uso kwa shela, akalia. Nilimwonea huruma kweli. Mama huyu hunitengea tende kwa mkono wake.

Wageni walipoondoka Madam akatuita sote. Hamad naye alikuwepo, amekaa, anachezea simu. Nani kamfundisha mtoto matusi? Akaanza na Scovia, maana yeye ndiye anayemwogesha Saud. Na Scovia — Mganda wa Masaka, kwao msichana hamjibu mkubwa akiwa wima — akapiga magoti! Macho chini, mikono pamoja. Nikasema moyoni, simama, Scovia, simama! Kwa Madam, aliyepiga magoti anaomba msamaha.

"Kwa hiyo ni wewe," Madam akasema.

Scovia akazidi kuinama. Hamad hakuinua kichwa. Na mimi nilisimama pale kama kabati. Najichukia.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemgombeza Scovia. Magoti ya nini? Akanijibu polepole: "Dada Jerusha, mama wa watu analia, mimi nisimame tu namuangalia? Ile ilikuwa heshima."

Madam keshamfukuza; tiketi ya kumrudisha Entebbe ni keshokutwa.

Nikaenda kwa Madam. Nikamweleza kwamba kwao Scovia magoti ni adabu, wanapiga hata wakisalimia. Nikaongeza kwamba neno lenyewe lina maana nyingi, wengine husema tu mvivu. Akanikata. Maana hazitaki! Anamtaka aliyefundisha. Kama si Scovia, ni nani?

Jina la Hamad sikulitaja. Shiru, binti yangu, yuko kidato cha pili kwa mshahara huu, na hapa Madam akikasirika na mtu, hakuna pa kwenda kulalamika. Tena huyo ni nduguye wa damu. Nani atamwamini mfanyakazi?

Jumanne, 8 Oktoba

Hamad amekuja jikoni baada ya chakula. Hakutaka karaki. Anasema Scovia bado msichana, kazi atapata. Lakini mimi, kwa umri huu? Ameyasema kwa upole kabisa, kama anayenihurumia. Kisha akaenda kukaa na dadake sebuleni.

Sanduku la Scovia liko mlangoni. Philipo ameshawasha gari. Scovia ameniaga, akanipigia magoti, mimi! Nimemwinua kwa nguvu. Nimemwambia asiingie garini kwanza.

Madam ananiita. Anataka nimwambie Saud amuage dada yake Scovia vizuri. Hamad namsikia huko huko, anacheka na mtoto.

Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba. Nimezianua zote, hata zilizo mbichi, nimezitia begini.

Anaita tena. Nakuja, Madam, na jina ulilolitaka —