Mpinzani Niliyemchagua

Dada yangu mpendwa Oyuun,

Pokea salamu nyingi huko mjini, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kikohozi cha shemeji kimepungua. Kama bado, aache kubishana na madaktari. Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, na kondoo wamenenepa kwa sababu mvua imekuwa ya kutosha.

Najua umeshasikia kwamba niliangushwa kwenye mieleka ya naadam, sikukuu yetu ya kiangazi. Sasa isikie habari hiyo kwangu mimi, na usinihurumie, maana mwenyewe sijihurumii.

Jioni ya kuamkia mieleka nilikuwa hemani kwa Dambadorj, yule mfugaji mpiga mieleka aliyehamia bondeni kwetu kutoka magharibi. Mama nilimwambia nakwenda kunywa maziwa ya farasi, lakini wewe unajua nilimfuata Nomin, binti yake. Nilikuwa nimeomba kumwoa, na baba mtu alikuwa hajanijibu ndiyo wala hapana. Vijana walikuwa wakibishana neno bökh, jina la mieleka yetu, lilianzia wapi. Mmoja alishikilia kwamba lilianzia kwenye nguvu. Mwingine akaapa kwa marehemu babu yake kwamba maana yake ni kuangusha. Dambadorj, aliyekuwa akisokota kamba ya singa za farasi, akawacheka. Akasema, "Nyie watoto, kuangusha hata pombe inaangusha. Wazee waliita hivyo kitu kisichokatika. Kamba, ahadi, mtu. Mwanamieleka kalirithi tu." Kisha akanigeukia, akauliza kama na mimi nimesikia au nimekuja kukodolea macho jiko. Hema zima likacheka, nami nikacheka nao.

Kesho yake nilishinda raundi nne bila kutoa jasho la maana, na koti ulilonishonea halikuachia hata uzi. Raundi ya tano ndiyo ilikuwa na cheo cha Tembo, kile alichokitafuta baba mpaka akafa. Nikakutana na Dambadorj. Mieleka yetu haina saa, dada. Tulishikana mpaka mjomba Gombo, aliyesimama upande wangu kama msaidizi, kofia yangu mkononi, akakaukiwa na sauti. Mwishowe goti langu likagusa nyasi, nikapita chini ya kwapa la mshindi kama desturi inavyotaka.

Sasa lile ambalo mama hajaambiwa. Mwenye cheo ndiye huchagua mpinzani, na mwenye cheo, Mwewe wa wilaya, nilikuwa mimi. Mwanamieleka mwingine, Lkhagva, alikuwa amebaki pia, anachechemea tangu adhuhuri. Mjomba alinisihi, "Mchukue huyo kilema, Tembo wako huyo mezani, usilete ujinga." Nikamnyooshea kidole Dambadorj.

Cheo kimekwenda na kinaniuma, kwa ajili ya baba. Lakini ningerudishwa uwanjani leo, ningemchagua huyo huyo. Nilipopita chini ya mkono wake aliniinamia sikioni, akasema, "Ungemchukua yule kiguu, Nomin ungeishia kumsikia kwa majirani. Mwite dada yako aje na kitambaa cha bluu cha posa."

Basi njoo, dada, na kitambaa kiwe cha hariri. Ila uanzie kwa mama, umweleze kwamba mpinzani nilimchagua mwenyewe, kabla hajaisikia habari hiyo kwingine. Mbele ya Dambadorj nilisimama; mbele ya mama nahitaji mtu wa kunishikia kofia.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wanaonikumbuka na walionisahau.

Mdogo wako akupendaye,
Temuulen