Mizizi Uliyoiita Funza

Kaka yangu, shikamoo. Hiyo ni haki yako, umenitangulia kuzaliwa, na hasira yangu haiwezi kuifuta. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, homa za huku Tanga zimeniacha. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeuumiza ni wewe. Mwalimu anayekusomea namwomba asome yote, asiruke neno kwa kukuonea haya.

Barua yako nimeipata juzi. Unasema nilipokuja likizo niliutia kisu mchungwa wa marehemu baba, nikavua gome la matawi matatu kuzunguka, kama tunavyovua miti hapo Kinampanda tukifungua shamba jipya. Ni kweli nilivua. Lakini shambani tunavua shina ili mti ukauke. Mimi nilivua matawi, nikayapaka udongo na samadi iliyooza, nikayafunga kwa gunia na kamba ya mkonge, nikamwachia mama kibuyu awe anayalowesha. Nani hufunga kidonda cha mtu anayetaka kumuua?

Hiyo ndiyo kazi yangu katika bustani ya miche ya huyu Mzungu aliyeniajiri. Tawi likifungwa hivyo hutoa mizizi lingali juu ya mti. Ndipo unalikata chini ya gunia, unalipanda, nalo linazaa utamu uleule. Mbegu za mchungwa wa baba tumeotesha mara ngapi? Mti wa mbegu uliosalia ni mmoja, na machungwa yake hata mbuzi wanayatema. Na shina la mchungwa wa baba wenyewe unajua limeliwa na mchwa mpaka usawa wa kiuno. Likianguka, chungwa la baba limekwisha.

Halafu unaniandikia bila aibu kwamba ulifungua gunia ukakuta vitu vyeupe kama funza, ukaona mti umeoza, ukakata matawi mawili kuzibia pengo la zizi. Kaka, ile ilikuwa mizizi. Niliposoma hapo niliketi chini mbele ya nyapara, naye akaniuliza kama nimefiwa.

Kosa langu nalikubali. Lori la Manyoni lilikuwa linaondoka, nikamweleza mama peke yake. Lakini mama alikwambia uache, nawe ukamjibu, "Wanawake hawajui miti." Na mbele ya wajomba ukasema nataka kuhamishia urithi wa baba Tanga. Kwa treni? Niupakate?

Tawi la tatu, alilolisimamia mama kwa fimbo mkononi, usiliguse. Usilifungue hata kuchungulia. Mama aendelee kulilowesha, na siku za kipande changu cha kazi zikiisha nitakuja kulikata mwenyewe. Ukiona jani limenyauka, nyamaza, mwulize mama.

Shemeji, mke wako, msalimie sana, najua hakukushauri ujinga huu. Dada na mumewe wasalimie, na shangazi mwambie dawa ya kifua nimempata mtu wa kumletea. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujampa barua.

Umeuliza kwa dharau miche mitatu nilikuwa namfanyia nani. Mmoja wa mama, mmoja wa dada, mmoja wako. Mimi sina hata shimo la kupandia, natunza miti ya mwenye shamba. Tawi lililobaki ni la mama. La dada na la kwako yapo kwenye zizi, kayaangalie.

Ni mimi mdogo wako,
Msengi