Tanga la Mwalimu Lilivyochanika

Fundi,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea. Kila nikifungua kibanda chetu hapa Kisarawe nakuamkia kabla sijavua viatu.

Arobaini yako ilipita salama. Cherehani ipo, nimeitia mafuta. Watu bado wanatudhihaki: "Tanga? Huku mlimani? Kwani bahari iko wapi?" Nami nawajibu kama wewe, kwamba maturubai chakavu ya malori tunayoshonea matanga yako huku, wenye vyombo vya baharini watayafuata.

Sasa nikueleze lililonikuta. Yule Mwalimu mstaafu wa Kibaha, mwenye kimashua cha kutembelea pwani na mkewe, alikuja kuagiza tanga. Unamjua hana makuu: nanga yake ni jiwe lililofungwa kamba, maji anabeba kwenye madumu ya mafuta ya kula, na jiko lake la mkaa linakaa ndani ya karai lenye mchanga. Lilikuwa tanga langu la kwanza bila wewe, nikataka lipendeze. Nikashona mishono midogo midogo, imebanana, kama nilivyokuwa nikishona sare za shule kabla hujanichukua. Mwalimu akalisifu, akalikunja, akaondoka.

Siku ya pili nikachukua kipande kilichobaki, nilichojaribia mshono ule ule, nikakivuta. Kikaachia palepale kwenye mshono, kama karatasi ya daftari. Matundu ya sindano yalikaribiana mno. Fundi, mara ngapi ulinifokea, "Mishono mirefu, Tatu! Turubai si kitambaa!" Na mimi nilidhani ni uzee tu unakusumbua.

Nikampigia Mwalimu, hapatikani. Nikafunga safari hadi Kibaha. Jirani yake akaniambia wameondoka alfajiri, watakuwa ufukweni siku nne. Siku nne, Fundi! Chakula hakikushuka. Nilikuwa nawaona wote wawili majini, na mimi ndiye niliyewaua. Niliapa cherehani nitaiuza.

Siku ya tano Mwalimu akatokea mlangoni, mzima, kababuka na jua, tanga kalishika vipande viwili. Nikaangua kilio mbele za watu, bila aibu. Kumbe lilichanika upepo ulipochangamka, wakapiga makasia hadi nchi kavu. Kesho yake wakafunga khanga za mkewe mlingotini, wakarudi polepole. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza huku anacheka: "Usilie, mwanangu. Fundi wako naye tanga la kwanza alinishonea hivihivi. Lilichanika hata sijafika mbali. Akasukuma baiskeli mpaka Kibaha kuja kuniomba radhi."

Wewe, Fundi! Kuomba radhi! Miaka sita tumekaa kibanda kimoja, hukuniambia hata neno. Kila nilipokosea nilijiona mjinga peke yangu, nikaamini wewe ulizaliwa unajua. Nilikukasirikia kidogo, sikufichi. Halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu tukuzike nilikuwa najiambia mimi si wa kushika nafasi yako. Siku ile niliacha kujiambia hivyo, na usingizi ukarudi.

Nimemshonea lingine, mishono mirefu, uzi wa nyavu. Juzi akanipigia akiwa majini. Maneno yake sikuyapata kwa upepo, ila nilimsikia mkewe akicheka.

Pumzika, Fundi wangu. Mungu akupokee kwa ule upole uliokuwa ukiuficha. Nami nakuahidi: atakayekuja kujifunza kwangu, siku ya kwanza, kabla hajashika sindano, nitamweleza nilivyomchania Mwalimu tanga. Na la kwako nitamweleza. Utanisamehe, Fundi, lakini hilo sitalificha.

Mwanafunzi wako,
Tatu