Maji Yenye Jina na Tarehe

Jumapili, 9 Aprili

Kosa la wengi katika jangwa hili la Arizona ni kubana maji. Wanapiga funda moja, wanafunga chupa, wanajisifu. Kisha wanaanguka na chupa imejaa nusu! Mimi na wifi yangu Verna tunakunywa tukiwa na kiu. Leo siku ya ishirini na mbili ya kutembea, mizigo mgongoni. Mimi miaka sitini na tisa, yeye sabini na mmoja. Nimefundisha jiografia miaka thelathini — ramani hainitishi.

Kesho tutafika barabara ya vumbi. Kabla ya safari tuliacha pale madumu mawili chini ya mti, yameandikwa "Irma na Verna, 10 Aprili". Ndiyo kanuni ya njia hii: maji yenye jina hayaguswi. Tarehe ikipita, ni ya yeyote apitaye, maana huenda mwenyewe alikata safari akarudi kwao.

Jumatatu, 10 Aprili

Hatukutoka. Lengelenge la Verna limepasuka kisiginoni. Tumeshinda kwenye chemchemi. Nilimweleza jinsi ngozi inavyojifunga ikipata hewa.

"Wifi, ulimchosha kaka yangu kwa mihadhara mpaka akafa. Kisigino changu kiache."

Tumecheka sana. Siku ya kupumzika si siku iliyopotea.

Jumanne, 11 Aprili

Maili kumi na nne, joto kali. Tumefika kwenye mti saa tisa. Madumu yetu matupu! Karatasi ndani: "Asanteni mabibi. Tarehe imepita, nimekunywa asubuhi hii. Natumaini mko salama nyumbani. — Mjusi."

Hana kosa huyo Mjusi, jina lake la njiani hilo. Mimi ninalo. Nilihesabu kisigino, nikasahau tarehe.

Kando ya madumu yetu, mengine mawili yamejaa: "Lupe na Garrett, 12 Aprili." Kesho! Birika la ng'ombe, lenye kinu cha upepo cha kuvuta maji, liko maili sita mbele. Kisigino cha Verna kinavuja damu, hawezi tena. Tuna nusu lita. Simu hazishiki.

"Chukua dumu, Irma. Ni maji, si mume wa mtu."

Nikamwambia wenyewe watafika hapa wamekauka, wakiyategemea haya.

"Na mimi nimelowa?"

Nikampa nusu lita yote. Nikasema tungoje hewa ipoe.

Jumatano, 12 Aprili — alfajiri

Verna anatapika. Nimemuuliza leo siku gani, akajibu Ijumaa. Nimefungua dumu la watu. Uso uliniwaka kwa aibu.

Amekunywa kidogo kidogo. Ametulia. Akafungua jicho moja: "Leo hakuna mhadhara?"

Nimetoa kalamu.

Nimeandika jina langu juu ya dumu, na kiasi: lita tatu, yeye na mimi. Verna atabaki kivulini, awaeleze wenyewe wakinitangulia. Wapitaji wa wiki mbili zilizopita walisema birika lina maji. Tangu hapo sijui. Lakini upepo umevuma, na maili kumi na mbili kwenda na kurudi nimezitembea mara nyingi. Chupa tupu ziko mgongoni. Jua halijatoka.

Leo: rudisha lita tatu za watu.