Jibu la Flaviana Lililochelewa Njiani

Editha, acha unachofanya usome hii!

Dada Flaviana leo asubuhi alikuwa na usaili wa kazi kwa video, nyumbani kwake Kibamba. Kazi ya uhasibu aliyoiombea mpaka kwenye mifungo. Mumewe Ansbert, fundi wa kujipachika, akasema, "Ishu ya mtandao niachieni mie."

Unajua alichofanya? Kaifungia ruta ndani ya kabati la chuma! Eti isiibiwe. KABATI LA CHUMA, Editha. Halafu kajilaza kwenye kochi anaangalia marudio ya mpira kwenye tivii kwa waifai hiyohiyo.

Basi chuma kikabana mawimbi, sauti ya dada ikawa inafika kwa kuchelewa. Wakamuuliza, "Uko tayari kuhamia Dodoma?" Akajibu. Jibu halijawafikia, wakadhani hajasikia, wakarukia swali jingine: "Umewahi kufukuzwa kazi kwa wizi?"

Hapo ndipo jibu la Dodoma lilipowafikia: "Ndiyo, tena kwa moyo mkunjufu!"

Kwa moyo mkunjufu! Mama mmoja kwenye jopo akavua miwani.

Dada hakulia. Kaenda kufungua kabati, kaiweka ruta mezani mbele yake, kazima tivii mpira ukiendelea. Ansbert analalamika, "Sasa mie niangalie nini?"

"Niangalie mie ninavyopata kazi."

Akawaeleza jopo mambo ya kabati, wakacheka, wakamuuliza upya, majibu yakafika papo hapo. Wamempigia sasa hivi: kapata!

Na Ansbert? Yuko kibarazani anawaambia majirani kwamba bila utaalamu wake mkewe asingesikika.