Feni ya Kigango na Masikio ya Baba

Nzega,
Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Cheyo, na goti la Mama limepoa. Mimi sijambo, ila chakula hakishuki, na sababu yake utaiona humu.

Mama ameniambia kwa simu kwamba umemkabidhi Renatus kijiti cha mwalimu wa kwaya, na kwamba umeacha hata kuimba ukinyoa ndevu. Nimeumia sana, Baba.

Turudi kwenye ile feni ya sola niliyofunga kigangoni miaka miwili iliyopita. Uliniuliza kwa nini mtu mzima anatia kompyuta ndani ya feni. Nilikueleza kwamba chipu ile inaukata umeme na kuurudisha upesi upesi, na kadiri inavyouacha uwake muda mrefu katika kila mzunguko, ndivyo upepo unavyokaza. Ndani yake mna taima: inahesabu mpaka namba niliyoiwekea, inarudi sifuri, inaanza tena. Niliiwekea elfu thelathini na sita na ushei, ikawa inazunguka mara mia nne na arobaini kwa sekunde. Kasi hiyo sikio linaisikia, ndiyo maana feni ilikuwa inavuma.

Kabla ya tamasha la kwaya ukaniagiza niinyamazishe, tusiaibike mbele ya wageni wa Igunga. Nikaishusha namba hadi mia sita na arobaini. Hesabu ikawa fupi, mizunguko ikafika elfu ishirini na tano kwa sekunde, sauti ambayo hakuna binadamu anayeisikia. Upepo uleule, kimya kabisa. Ulinisifu, jambo ambalo hulifanyi ovyo.

Kilichofuata unakijua. Ulifumba macho kama kawaida yako, ukasikiliza, ukatoa do ya kuanzia wimbo, ikawa juu mno. Mektilda wa sauti ya kwanza akapanda nayo mpaka ubeti wa pili, halafu akabaki anachezesha midomo. Besi walijikuta kwenye sauti ya tatu. Mwalimu wa Igunga akainamia kitabu chake cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Ukasema masikio yako yamezeeka.

Hayajazeeka, Baba. Miaka miwili ulikuwa unaichukua do kwenye mvumo wa feni. Ndiyo maana nyimbo zetu zote, za Majilio na za Pasaka, zilianzia mahali pamoja.

Na la kuungama ni hili: nilijua tangu Jumapili ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu hujawahi kuiita kazi yangu kazi, nami nilifurahi kusikia wewe na feni yangu mnaanza wimbo pamoja. Uliponiagiza niizime sauti, niliona haya kusema, nikaacha uaibike. Hapa Nzega sikufuata kazi yoyote; nilikimbia aibu.

Mwenye masikio mabovu asingeidaka sauti ndogo ile kila Jumapili bila kukosea. Jumamosi narudi na swichi ya kufunga karibu na mguu wako: upande mmoja kimya, upande wa pili do. Padri hana haja ya kujua.

Msalimie Mama na wote wa nyumbani. Najua nastahili kuchapwa. Naomba unichape kwa kijiti cha kwaya, ili nijue umekichukua kwa Renatus.

Mwanao mkosaji,
Revocatus