Nilipaka rangi juu ya ufa

Mpendwa Da Evarista, shikamoo. Naandika nikiwa nimechoka, naomba unisaidie. Mimi ni fundi magari hapa Gerezani, na rafiki yangu Vivek ana duka la vipuri Mchafukoge, tumejuana tangu ujana, na huu mwaka wa pili kila Jumapili tunatengeneza gari la mashindano kwa vifaa vya mitumba maana kununua gari lililokamilika hatuwezi, ni kigari cha marehemu kaka yake, Chandu, na Vivek ameapa lazima likimbie japo mbio moja. Tukapanga kubadili injini, kutoa ile ndogo na kuweka kubwa tuliyoichagua wenyewe Kariakoo, nikapima, nikasema itaingia, na kweli inaingia, ila nilipotoa ya zamani nikakuta chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, imeliwa na kutu na ina ufa pale pale injini inapokaa. Wakati huo Vivek yuko kwenye simu anamwambia mkewe, "Megha, safari hii tunakimbia kweli," anacheka, na sijamsikia akicheka vile tangu msiba. Basi nikachomelea ule ufa juu juu, nikapaka rangi, nikanyamaza. Injini tumeshaifunga, mbio ni baada ya wiki tatu, na juzi ananiambia atakayekaa kiti cha pembeni kumsomea njia ni Megha mwenyewe. Nikisema nitampoteza, nikinyamaza sijui itakuwaje. Nifanyeje?

Awadhi, Gerezani

Marahaba, Awadhi. Pole. Kumkatiza mtu mwenye msiba anapocheka ni kazi ngumu, na hata mimi pengine ningesita. Lakini kusita ni dakika tano. Wewe ulikwenda kutafuta brashi! Rangi ile hukuipaka kwa ajili ya Vivek, uliipaka ili usiulizwe. Sasa mke wa mtu anajiandaa kukaa humo, na wewe bado unauliza habari za urafiki?

Nimemuuliza Mzee Kitwana, fundi wa kuchomelea. Kasema, "Kutu inakatwa yote, kinawekwa chuma kipya. Na injini kubwa inataka breki kubwa." Breki mmebadili? Mbona hujaniambia?

Usimpigie simu. Shusha injini kwanza, kisha waite wote wawili, ukwangue rangi wakiwa wamesimama hapo. Sema: niliona, nikaficha. Usimtaje Chandu, usijitetee. Mbio hizo zisahauni. Wakikutukana, pokea. Wakikufukuza, nenda, ila hakikisha wameelewa kwamba gari hilo haliwashwi.

Jibu hili nilimtumia Awadhi kabla ya kulichapisha. Wiki iliyofuata akaniandikia, naye ameniruhusu kuyaweka maneno yake hapa:

"Da Evarista, nimefanya ulivyosema. Vivek aliingiza kucha kwenye ule ufa, akaenda kukaa juu ya tairi. Megha ndiye aliyeniuliza, 'Ungetuacha tupande?' Nikamwambia sijui. Akasema, 'Angalau sasa umesema kweli.' Wakaondoka. Siku nne nikipita dukani naona Vivek amenipa mgongo. Leo asubuhi kaja peke yake, ana msumeno wa chuma mkononi. Hakunisalimia. Aliinama chini ya gari, akaniuliza tunaanza kukata wapi."